Do sio C: jibu kwa mwanakwaya wa Makambako aliyekwama kwenye mistari mitano

Marahaba mdogo wangu, na kamwene pia maana umesema we ni wa Makambako. Swali lako ni refu, nalifupisha hapa ili wanaosoma wajue tunaongelea nini. Unaimba sauti ya tatu, nota za d r m (do re mi kwa herufi) unazisoma bila shida hata wimbo ukiwa mpya, sasa umepata kinanda kidogo cha vitufe 49 na umepakua kitabu cha thiori ya muziki, umefika kwenye mistari mitano ambayo nota huandikwa, na shapu na flati (alama za kupandisha na kushusha sauti nusu hatua), ukakwama hapo. Mpiga kinanda wenu anapiga kila wimbo kwenye C halafu anabonyeza transipozi, kile kitufe cha kuhamisha sauti, ukimuuliza anasema thiori ni mambo ya wazungu. Unauliza: do ndo C? 3/4 na 6/8 zina tofauti gani wakati zote zinahesabika tatutatu? Na uanzie wapi kama unataka siku moja kusoma muziki chuoni?

Naanza na la do, manake hilo likikaa sawa mengine yanajipanga yenyewe.

Hapana, do sio C. Do ni cheo, C ni jina la mtu. Mwenyekiti wa mtaa leo ni huyu, baada ya uchaguzi ni yule, kiti ni kilekile na kazi ni ileile. C, D, E, F, G, A, B ni majina ya watu, hayahami: C ya kinanda cha kanisani Mwanjelwa ndo C ya kinanda cha London. Na imepimwa kabisa, ile A iliyo juu ya C ya katikati inatetemeka mara 440 kwa sekunde, ukipanda okteva moja (mpaka A inayofuata) inakuwa 880, ukishuka okteva moja 220, ukiwa na programu ya kutyunia gitaa kwenye simu imba A utaiona mojawapo ya hizo namba. Do haina namba. Do ni sauti yoyote ambayo wimbo umeamua pale ndo nyumbani, ndo maana juu ya karatasi yenu ya kwaya kushoto pameandikwa "Do ni G" au "Do ni Eb", pale mtunzi anakwambia leo kiti kakalia nani.

Sasa kwa nini unachanganyikiwa? Kwa sababu mtu akianza kufundishwa kinanda anaanzia C, vitufe vyeupe vitupu, anaimba do re mi fa sol la ti do inakubali, basi anahitimisha do ni C. Inakubali, lakini angalia kwa nini inakubali. Fungua kinanda chako utazame vile vyeusi, havikuwekwa kwa urembo. Kati ya C na D kuna cheusi, kati ya D na E kipo, kati ya E na F hakuna, F na G kipo, G na A kipo, A na B kipo, B na C hakuna. Kutoka kitufe kimoja kwenda cha jirani yake kabisa, kiwe cheupe kiwe cheusi, ni nusu hatua, ukiruka kimoja katikati ni hatua nzima. Kwaio E kwenda F ni nusu, B kwenda C ni nusu, kwingine kote kwenye vyeupe ni nzima.

Na sauti yako imeshajua hilo kabla ya macho. Imba polepole d r m f, utasikia m na f zimebanana, halafu imba s l t d', t na d' nazo zimebanana. Nusu hatua mbili, mi–fa na ti–do, zilizobaki zote nzima. Hiyo ndo skeli ya meja, hamna siri nyingine. Nzima nzima nusu, nzima nzima nzima nusu. Kuanzia C vyeupe vimekaa sawasawa na mpango huo kwa bahati ya mpangilio wa kinanda, ukianzia kwingine popote lazima uingize vyeusi ili mpango usivunjike.

Tujaribu kwa wimbo, nimeutunga sasa hivi usihangaike kuutafuta:

Do ni G, 3/4
| d : – : r | m : – : f | s : l : s | m : – : – | f : r : t, | d : – : – |

Kwanza uimbe. Ukishaushika, kaa kwenye kinanda uanze kugawa majina: d ni G, r ni A (hatua nzima), m ni B (nzima), f lazima iwe nusu kutoka m, na kweli B kwenda C ni nusu, sawa. S ni D, l ni E. Mpaka hapa vyeupe vitupu, unajiona mjanja. Sasa t. Kutoka l kwenda t inatakiwa hatua nzima, l ni E, ukienda F cheupe umepiga nusu tu, haitoshi, inabidi usogee mpaka cheusi kinachofuata, hicho ndo F shapu. Na kutoka hapo kwenda G ni nusu, ti–do imetimia. Rudi kwenye wimbo, bari ya tano (bari ni kipande kati ya vistari viwili vya wima), ile t yenye kimkia cha koma chini maana yake ti ya chini, piga F cheupe makusudi usikie. Umesikia? Wimbo unagoma kufika nyumbani. Sasa piga F shapu. Ndo hivo, shapu inaingia pale kwa sababu skeli inaidai, hakuna mtu aliyekaa akaamua kukutesa.

Fanya hivohivo Do ikiwa D, utagundua unahitaji F shapu na C shapu. Do ikiwa F, utafika fa utakuta B cheupe iko juu sana, utaishusha nusu, ndo B flati. Usikariri jedwali la kitabuni kwanza, zitafute mwenyewe kwa sikio kwenye kinanda, jedwali utalitumia kuhakikisha.

Hapa niseme kidogo kuhusu "mambo ya wazungu". Hizi silabi kweli zimetoka huko, nyingi kati yake mtawa wa Italia anaitwa Guido wa Arezzo karne ya 11 alizichukua kwenye wimbo wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji akafundishia waimbaji, na huu uandishi wa herufi d r m mnaotumia kwaya ulitengenezwa Uingereza karne ya 19, mwalimu mmoja mama, Sarah Glover wa Norwich, alianzisha, mchungaji John Curwen akauboresha na kuueneza. Ukaja Afrika na wamisionari na shule zao, ukashika kweli, manake hauhitaji karatasi maalum, mashine ya chapa ya kawaida inatosha na kwaya nzima inapata nakala. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alikuwa anaandika kwa tonic sol-fa, ndo jina la uandishi huohuo wa herufi, na tuni aliyotunga 1897 ndo hii tunayoimbia Mungu Ibariki Afrika. Kwaio mpiga kinanda wenu anayekataa thiori huku anaongozwa na karatasi ya d r m, thiori anayo mkononi. Na wazee wa Kihehe wanaopiga ligombo, kile chombo chao cha nyuzi, hawana habari na Curwen ila mzee akikaa kuvuta nyuzi moja baada ya nyingine mpaka ziridhishe sikio lake, anafanya kazi ileile ya kupanga umbali kati ya sauti na sauti. Mpango wake sio lazima ufanane na wa kinanda, lakini mpango upo, jaribu kulegeza uzi mmoja uone atakavyokuangalia.

Sasa transipozi. Siipigi vita, hata mimi naibonyeza mchungaji akianzisha pambio kwenye ki (yaani mahali do ilipokaa) ya ajabu. Kitufe hicho kinasogeza kinanda kizima kwa nusu hatua mojamoja, ukiweka +7 au −5 unapiga maumbo ya C lakini inatoka G. Shida inakuja siku akitokea mpiga gitaa mgeni akauliza "ki gani?" jamaa anajibu C, kwa sababu vidole vyake viko C, mgeni anaingia na C na spika inatoa G, mnatazamana. Au umeme unakatika katikati ya ibada, jenereta linawaka, na vinanda vingi vikizima transipozi inarudi sifuri, kwaya ina G kichwani kinanda kinarudi na C. Anayejua do yake iko wapi anahamisha vidole wimbo unaendelea.

Halafu kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya Dar havikumbuki, baridi. Asubuhi ya Juni au Julai Mbeya mjini tu unaona mvuke mdomoni, achilia mbali Makete au Uporoto. Sauti inasafiri polepole kwenye hewa baridi, kwaio tarumbeta lililolala stoo linashuka, linatoa chini ya inavyotakiwa, wakati uzi wa gitaa ukipoa unakaza unapanda juu, na kinanda cha umeme kimebaki palepale 440. Vyombo vitatu, A tatu tofauti, na kila mtu anaapa katyuni. Dawa yake wapuliza wapulize hewa ya moto ndani ya vyombo dakika kadhaa kabla ya kuanza, gitaa lipigwepigwe lizoee chumba, ndipo wote watyuni kwa kinanda. Wapulizaji wasianze kusukuma bomba ndani wakati chuma bado cha baridi, katikati ya ibada kikishapata moto wanajikuta wako juu.

Turudi kwenye mistari mitano, hapa we msomaji wa d r m una faida kubwa kuliko anayeanza sifuri, ila hakuna anayekwambia. Kwanza majina. Kwenye klefu ya sol, ile alama iliyojikunjakunja mwanzoni mwa mistari, mistari kutoka chini ni E G B D F na nafasi katikati ni F A C E. Klefu ya fa, ile ya besi, mistari ni G B D F A na nafasi A C E G. Haya kariri tu, hayana ujanja. Sasa ujanja wenyewe: angalia shapu au flati zilizorundikwa mwanzoni karibu na klefu. Zikiwa shapu, ile ya mwisho kulia ni ti. Panda nusu hatua, hiyo ndo do. Shapu moja ni F shapu, ni ti, do ni G. Shapu mbili, ya mwisho ni C shapu, ni ti, do ni D. Zikiwa flati, ya mwisho ni fa. Flati moja, B flati ni fa, hesabu kushuka f m r d, unaangukia F. Zikiwa mbili na kuendelea hata usihesabu, flati ya pili kutoka mwisho ndo do yenyewe. Hamna kitu kabisa, do ni C.

Ukishapata do weka alama ya penseli kwenye mstari au nafasi yake, na angalia hili: do ikikaa kwenye mstari, mi na sol nazo ziko kwenye mistari miwili inayofuata juu. Ikikaa kwenye nafasi, mi na sol ziko kwenye nafasi. Kwaio unaruka d m s bila kuhesabu, r na f na l unazijaza katikati. Kwaya nyingi zilizozoea sol-fa zikihamia mistari mitano hivi ndo zinasoma, haziimbi majina ya C D E kabisa.

We ni sauti ya tatu kwaio kwenye kitabu cha nyimbo cha sauti nne tafuta mistari ya chini, klefu ya fa, utaona nota mbilimbili zimebebana. Zenye kijiti kinachoelekea juu ni zako, zenye kijiti cha chini ni za besi. Do ikiwa G, do yako ni ile nafasi ya juu kabisa na do ya besi ni mstari wa chini kabisa. Ukikuta nota zenu zimeandikwa kwenye klefu ya sol yenye kinamba 8 kidogo chini yake, unaimba okteva moja chini ya inavyoonekana, usijikamue.

Muda. Krocheti ni pigo moja, minimu mapigo mawili, semibrifu manne, kweva nusu pigo, hiyo ikiwa namba ya chini ni 4. Kwenye sol-fa ulikuwa unaonyeshwa kwa nukta mbili na vistari, "d : –" ni sawa na minimu. Mtego uko kwenye nukta moja. Kwenye sol-fa nukta inagawa pigo, "d .r" ni kweva mbili. Kwenye mistari mitano nukta ikikaa pembeni ya nota inairefusha kwa nusu yake, minimu yenye nukta ni mapigo matatu. Alama moja, kazi mbili zinazopingana, waimbaji wenu watakwama hapo wiki nzima, uwaambie mapema.

Sasa 3/4 na 6/8. Zote zina kweva sita ndani ya bari, ndo maana kwenye karatasi zinafanana. Kaa, piga makofi sita sawasawa bila kuacha, na uhesabu kwa sauti ukikandamiza hivi: MOJA mbili TATU nne TANO sita. Hiyo ni 3/4, mapigo matatu, kila moja limegawanyika mara mbili. Usisimamishe makofi, badili mdomo tu: MOJA mbili tatu NNE tano sita. Hiyo ni 6/8, mapigo mawili, kila moja limegawanyika mara tatu. Makofi ni yaleyale, uzito ndo umehama. Mguu wako utakwambia haraka kuliko kitabu, ya kwanza inazunguka, ya pili inakupeleka kushoto kulia, ndo mwendo wa mapambio mengi mnayochezea. Kwenye karatasi ya sol-fa bari ya 6/8 utaona kijistari kifupi katikati, kinaonyesha pale kwenye nne. Na ukikaa na wapiga ngoma wazuri utakuta mmoja ameshika mbili mwenzake ameshika tatu kwa wakati mmoja na hakuna anayempoteza mwenzie.

Kama unafikiria kutunga hapa pana kitu cha kuangalia. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, BWA-na, wo-KO-vu, tu-na-ku-SHU-ku-ru... si unaona nimekosea makusudi, ni tu-na-ku-shu-KU-ru. Silabi hiyo iangukie pigo zito. "Wokovu" usiuanzishe kwenye pigo la kwanza la bari, "wo" ianze kwenye pigo la mwisho la bari iliyotangulia ili "ko" itue kwenye moja. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zimebanwa kwenye tuni ya kigeni bila kujali hili, ndo maana kuna sehemu kwaya nzima inaimba neno kama mgeni, na si kosa la waimbaji.

Maina nipite haraka. Ukiona "La ni E" juu ya karatasi, nyumbani ni la, nota ni zilezile za Do ni G, shapu ileile moja, ila wimbo unatulia kwenye la. Humo mara nyingi utakuta "se" (wengine huandika "si") badala ya s, si kosa la mchapaji, ni sol iliyopandishwa nusu ili iivute la kama ti inavyoivuta do. Vilevile "fe" au "fi" ni fa iliyopandishwa. Na ukikuta herufi mbili zimekaa pamoja, s ndogo na d kubwa, hapo kiti kinabadilika mwenyewe katikati ya wimbo: imba sauti ileile uliyoijua kama sol, lakini kuanzia hapo iite do.

Kodi (sauti tatu zinazopigwa pamoja) za kuanzia ni tatu tu, d m s, f l d' na s t r'. Do ikiwa G hizo ni G, C na D, na kwa hizo tatu utasindikiza nusu ya kitabu cha nyimbo. Ukizipiga kwenye ki tano bila transipozi, C, G, D, F na Bb, utakuwa mbele ya mpiga kinanda wenu.

Kuhusu chuo, TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, wanafundisha muziki na Chuo Kikuu cha Makumira Arusha pia, masharti ya kuingia waulize wenyewe. Usiogope kwamba umetoka sol-fa, anayeweza kuimba wimbo asioujua kwa kutazama karatasi ana sikio ambalo wengine wanaenda kulitafuta huko. Kinanda cha vitufe 49 kinatosha kwa haya yote, kina okteva nne kamili na C moja ya ziada, ila ng'oa zile stika za C D E, maana macho yataganda kwenye stika na vidole havitajua njia.

Kila siku chukua wimbo mmoja mnaoujua kwa d r m, uandike mwenyewe kwenye mistari mitano, kwanza kwa ki iliyoandikwa, kesho yake kwa ki nyingine. Sauti yako tu, usihangaike na zote nne. Na ukikwama niandikie bari yenyewe na ki yake, usiniandikie tu "mwalimu wimbo unagoma", hapo siwezi kukusaidia.